Viashiria vya risasi chembani na vya kukoki: acheni kuviuza kama vifaa vya usalama

Ndugu wanajukwaa,

Nimechoka kuwasikia wauzaji wa bastola, na hata baadhi ya wakufunzi wa shabaha, wakimhakikishia mtu asiyewahi kumiliki silaha kwamba kiashiria cha risasi chembani, yaani alama kwenye bastola inayoonyesha kama risasi imo katika chemba (tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa tayari kufyatuliwa), kitamlinda. Majuzi muuzaji mmoja alimwambia mteja mbele yangu: "Hiki kikiwa kimelala, bastola haina kitu." Kauli hiyo itamuua mtu, na mteja aliitikia kwa kichwa kana kwamba amepewa siri ya ufundi.

Kiashiria kina majibu mawili, na majibu hayo hayana uzito sawa. Kikionyesha kwamba risasi imo nawe ukakiamini kimakosa, hasara yako ni kuishika bastola tupu kwa uangalifu mkubwa, jambo ambalo ulipaswa kulifanya hata hivyo. Kikionyesha kwamba haimo, ilhali springi imelegea au masizi ya baruti yamekigandisha, unabaki na silaha iliyojaa mkononi mwa mtu aliyekwisha kujiridhisha kwamba ni tupu.

Wazo lenyewe si jipya. Katika Luger P08 ya Wajerumani, ndoano ya kutolea maganda iliinuka risasi ilipokuwa chembani, na ubavuni mwake neno GELADEN, yaani "imepakiwa", likaonekana. Walther PP ya mwaka 1929 ilikuwa na kipini kinachochomoza juu ya nyundo, ambacho mtu aliweza kukipapasa hata gizani. Leo, katika Glock nyingi, unatakiwa kutambua ukingo wa ndoano uliopanda kiasi kidogo mno, na bastola nyingine zina kitundu tu cha kuchungulia shaba ya ganda la risasi. Kitundu hicho hakina maana bila mwanga, na hata mwanga ukiwepo, hakiwezi kukuambia kama unachokiona ni risasi hai au ganda lililokwama baada ya kufyatuliwa. Ruger SR9 angalau ilikuwa na ulimi mkubwa juu ya slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayoteleza mbele na nyuma), wenye maandishi na rangi nyekundu. Wapo walioucheka kwa ubaya wa sura, lakini ulionekana.

Sheria ya California inaeleza vizuri zaidi kuliko wauzaji wetu: kiashiria kinatakiwa kionekane kwa urahisi, kiwe na maandishi au mchoro, na mtu mzima wa kawaida akielewe bila kufungua kitabu cha maelekezo. Ukipima viashiria vingi vilivyopo sokoni kwa kipimo hicho, vinaanguka.

Najua kuna watakaonitajia ripoti ya mwaka 1991 ya ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, iliyokadiria kwamba kiashiria kingeweza kuzuia asilimia 23 ya vifo vya ajali za silaha za moto. Nami naona makadirio hayo yanasimama pale tu ambapo aliyeshika silaha atakitazama kiashiria, atakielewa, na kiashiria chenyewe kitakuwa kinafanya kazi. Anayeichezea bastola kwa kuwa ana hakika ni tupu hana sababu ya kutazama chochote.

Kiashiria cha kukoki, yaani kinachoonyesha kwamba nyundo au pini ya kufyatulia imevutwa tayari, kinanikera zaidi. Bastola yenye nyundo ya nje haikihitaji, kwa kuwa nyundo yenyewe inaonekana. Katika Springfield XD, kipini kinachojitokeza nyuma ya slaidi kinaeleza kwamba pini ya kufyatulia imevutwa tayari, wala hakisemi lolote kuhusu risasi. Kitajitokeza vilevile chemba ikiwa tupu. Walther P99 ninaisamehe, kwa sababu ina kitufe cha kuondoa koki, na uzito wa kuvuta kifyatulio kwa mara ya kwanza hutegemea hali hiyo. Kwingineko tunaelezwa tunachokijua tayari, na mgeni anabaki akichanganya alama mbili zenye maana tofauti.

Faida moja ninaikubali bila ubishi: anayebeba bastola iliyopakiwa anaweza kuhakikisha kwa ncha ya kidole, gizani, kwamba risasi imo, bila kurudisha slaidi nyuma na kuhatarisha isijifunge sawasawa. Hapo kiashiria kinatumika kuthibitisha kuwapo kwa risasi. Kosa ninalolipigia kelele ni la yule anayevuta slaidi kabla ya kutoa magazini, yaani kibweta cha risasi: risasi inaruka nje, nyingine inapanda chembani, kisha anatoa magazini, anakitupia kiashiria jicho moja, anajiridhisha kwamba bastola ni tupu, na kuvuta kifyatulio ili aifungue bastola aisafishe, kwa kuwa bastola kadhaa hazifunguki bila kufanya hivyo.

Kwa hiyo nauliza, na ninataka majibu kutoka kwa wakufunzi hasa: ni nani kati yenu anayemruhusu mwanafunzi kuitangaza bastola kuwa tupu kabla hajatoa magazini, hajaizuia slaidi ikiwa wazi, wala hajaingiza kidole chembani? Na kama hayupo, kwa nini mnakaa kimya muuzaji anapomfundisha kinyume chake mtu yuleyule mtakayempokea kesho?