Tasnifu ya uzamili ya akiolojia pwani: mashimo mangapi yanatosha?

Kigae_Mweusi: Habari wakuu. Naandika pendekezo la utafiti wa uzamili. Nataka kujua makazi ya kale upande wa Kilwa yalianza lini na bidhaa za ng'ambo zilianza kuingia wakati gani. Nina wiki nne za uwandani na fedha za kupima sampuli sita za radiokaboni (kipimo cha umri wa vitu vilivyokuwa hai, kama mkaa na mbegu). Nichimbe mashimo mangapi, na sampuli nizitoe wapi?

Mwiko_na_Kamba: Mawili yanatosha, mita 2 kwa 2. Shimo moja likifika mita 1.5 umeshatoa mita za ujazo 6 za udongo, na kila kigae kilichomo kinakungoja ukioshe, ukipime uzito na ukichambue. Tasnifu nyingi hukwama hapo. Kila wiki ya kuchimba itengee tatu za maabara.

Anza na vishimo vya sentimita 50 kila baada ya mita 20, ujue vigae vimejaa wapi. Shimo kubwa lichimbe kwa kufuata matabaka. Tabaka likiwa nene ligawe kwa sentimita 10. Ukishusha sentimita 10 bila kuangalia udongo unavyobadilika, utachanganya sakafu na jaa lililo juu yake, na hapo hakuna kurudi nyuma.

Halafu kuna kaa, wale wanyama wa pwani. Mashimo yao huteremsha shanga na vipande vya kaure hadi matabaka ya chini, kisha mtu anaandika kwamba biashara ilianza karne tatu kabla ya wakati wake. Utaliona shimo la kaa kama duara la udongo mweusi, laini, upana wa ngumi. Litoe kwanza, na vilivyomo viwe na mfuko na namba yake.

Chekeche la milimita 5 usilitumie peke yake, maana shanga nyingi ndogo za kioo hupita. Tumia la milimita 2 au 3.

Mkaa_na_Mbegu: Sampuli sita zigawe tatu kwa kila shimo, chini, kati na juu, ili mpangilio wa matabaka usaidie kubana tarehe kwenye OxCal, programu ya kukokotoa tarehe za radiokaboni. Ukizitawanya moja moja, hazitasaidiana.

Usichukue donge kubwa la mkaa kwa sababu tu linapendeza. Kiini cha mti mkubwa, au boriti iliyotumika tena, kinaweza kuwa na umri wa miaka mingi kuliko moto ulioliunguza. Chukua punje za mtama au uwele, au kifuu cha nazi kilichoungua. Ili uzipate, chukua lita 20 za udongo wa kila tabaka, zimimine majini na ukinge vinavyoelea. Punje zifunge kwenye karatasi ya alumini. Pamba na karatasi za kawaida huacha nyuzi zenye kaboni.

Kama makazi ni ya baada ya mwaka 1650 hivi, radiokaboni itakupa vipindi vitatu vinne visivyoamua kitu. Hapo tegemea vyombo vya Ulaya na chupa.

Kabati_la_Vigae: Kibali cha utafiti hakikuruhusu kuchimba. Leseni ya uchimbaji hutolewa na Idara ya Mambo ya Kale chini ya sheria ya 1964, na kupeleka sampuli nje ya nchi kunahitaji kibali kingine. Omba vyote mapema, sampuli zisije zikalala kabatini huku muda wa masomo unakwisha.

Mimi ningepunguza shimo moja. Vigae vya michoro ya pembetatu, vya karne ya 7 hadi 10 hivi, vimehifadhiwa vingi kutokana na uchimbaji wa zamani. Ukilinganisha midomo ya vyungu vyako na hivyo, hoja yako itakuwa nzito kuliko kwa shimo la pili.

Kigae_Mweusi: Shukrani sana. Na nikikosa mbegu, nikapata makombe tu?

Mkaa_na_Mbegu: Yanapimika, ila kombe hula kaboni ya bahari, ambayo ni kuukuu. Tumia mkunjo wa Marine20, ule wa kurekebisha tarehe za viumbe vya bahari, pamoja na masahihisho ya bahari ya eneo lako, na uyataje yote mawili kwenye jedwali. Ikiwezekana, pima kombe na mkaa wa kijiti chembamba kutoka tabaka hilo hilo.