Shankha kwenye duveti: tununue au tuwaachie wenyewe?

Baba Wawili (mwenye mada): Jamani, nimetumiwa picha ya seti ya duveti inayouzwa mtandaoni, na foronya zake mbili. Katikati pana picha kubwa ya shankha, lile gamba la konokono wa baharini ambalo Wahindu hulipuliza kwenye ibada. Mke wangu kaipenda. Jirani yetu Mhindu alipoiona alinyamaza, kisha akauliza, "Na miguu mtailaza wapi?" Muuzaji kaandika "pambo la ufukweni". Mnasemaje?

Mzee wa Baraza: Nunua ulale. Travancore, kusini mwa India, ilitawaliwa na wafalme Wahindu, na stempu zake za kwanza za mwaka 1888 zilichorwa shankha. Posta walizigonga mihuri usoni, bahasha zikatupwa. Kama mfalme hakuona dharau, wewe wa Mombasa una nini?

Bi Kidawa: Stempu hailaliwi, mzee wangu. Kwa Wahindu mguu ndio wa chini kabisa kwa heshima. Ukimgusa mtu nao kwa bahati mbaya unamtaka radhi. Na shankha iko mkononi mwa mungu wao Vishnu, na ya mungu wao Krishna ina hadi jina, Panchajanya. Januari 2017 Sushma Swaraj, waziri wa mambo ya nje wa India, aliitaka Amazon iombe radhi kwa mazulia ya mlangoni yenye bendera ya India kwenye tovuti yao ya Kanada, akatishia hata kuwanyima viza. Yakaondolewa. Hiyo bendera, sembuse chombo cha ibada! Nasi Waislamu tusijifanye hatuelewi: misala yenye picha ya Kaaba tumeibishania mara ngapi?

Mzee wa Baraza: Kwenye msala Kaaba iko mbele, unapoweka paji la uso.

Kijana wa Kibokoni: Basi shankha ibaki kwenye foronya, duveti iwe nyeupe. Kesi imekwisha 😂

Mama Tatu: Kitandani kwani kuna kulala tu?

Fundi Makombe: Mimi nauza makombe ya baharini, nisikilizeni. Tazameni ncha ya gamba. Shankha ya kupuliza hukatwa ncha ipatikane tundu la mdomo. Isiyokatwa yaweza kuwa gamba tu la baharini, na hapo sina ugomvi na mtu. Iliyokatwa ni chombo cha watu. Tena Wahindu wengi huweka mbili: moja ya kupuliza, nyingine ya kutilia maji ya ibada, hawachanganyi, maana ile ya kwanza imeguswa na mdomo. Kama mdomo wa mcha Mungu unaitenga shankha na maji, nyayo zako zitafanya nini?

Mzee wa Baraza: Watibeti je? Shankha nyeupe ni mojawapo ya alama zao nane za baraka, na wanazifuma kwenye mazulia.

Bi Kidawa: Hao ni wenyewe, kwa desturi yao. Wewe unatandika ya jirani, na jirani kashakuuliza.

Baba Wawili: Nimeikuza picha. Ncha imekatwa, mdomo umevishwa fedha, pembeni maua. Nimemwonyesha mke wangu, nikamwambia tuchukue ile ya matumbawe. Kasema matumbawe hayaendani na pazia.

Mama Tatu: Badilisheni pazia.