Mjadala: "Elektroni ikitazamwa hubadilika." Tuendelee kufundisha hivyo?

Mwalimu, Nyegezi: Mimi nasema kauli hiyo ifutwe ubaoni. Mwanafunzi akiisikia anadhani jicho la mtu ndilo linalofuta mistari ya mwingiliano, yaani mistari angavu na ya giza inayojichora elektroni au mwanga ukipewa njia mbili za kupita. Mwaka 2004 huko Vienna walipasha molekuli za C70 (kila moja ina atomu 70 za kaboni) moto kwa leza. Zilipokuwa za moto mno hata zikatoa mwanga zenyewe njiani, mistari ilififia hadi ikapotea. Mwanga ule hakuna aliyeukusanya wala kuutazama. Ilitosha kuwa habari ya njia ambayo molekuli ilipita imeshavuja.

Fundi, Kirumba: Naunga mkono, na mezani inaonekana. Leza nyekundu ya nanomita 650, mianya miwili iliyoachana milimita 0.25, ukuta umbali wa mita 3: mistari huachana karibu milimita 8. Bandua polaraiza, karatasi inayopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu, kwenye kioo cha kikokotoo kibovu, uikate vipande, funika mwanya mmoja kwa kipande cha wima, mwingine cha mlalo. Mistari kwisha. Weka cha tatu kati ya mianya na ukuta kwa nyuzi 45, inarudi. Kazi iko kwenye kukutanisha kingo za vipande katikati ya mianya. Gundi isafishwe kwa spiriti. Asetoni huharibu plastiki. Leza nayo izungushwe, mtetemo wake uwe nyuzi 45 kwa vipande vyote viwili, la sivyo mwanya mmoja unazimika na unadanganyika.

Mtafiti, Ilemela: Ndugu fundi, hapo napinga. Wanafizikia Wafaransa Fresnel na Arago walilieleza hilo mwaka 1819 kwa mawimbi matupu. Mawimbi ya ziwa nayo huingiliana yakizunguka Jiwe la Bismarck hapa Mwanza, na hakuna anayetaja mtazamaji. Ushahidi ni chembe mojamoja: katika jaribio la Mjapani Tonomura na wenzake, 1989, elektroni zilipita mojamoja; chache zilitoa nukta zilizotawanyika ovyo, zilipofika takriban 70,000, mistari ikajichora.

Fundi, Kirumba: Sawa, tuliite mfano, si uthibitisho. Ila geuza kipande cha tatu nyuzi 45 upande wa pili: palipong'aa panakuwa giza. Jumlisha picha hizo mbili, mistari haipo. Kwa fotoni (chembe za mwanga) mojamoja hesabu ni ileile.

Mwalimu, Nyegezi: Basi ubaoni niandike "ikiacha alama ya njia iliyopita"?

Mtafiti, Ilemela: Uongeze na kiasi, mwalimu. Alama ikiwa hafifu, mistari haifutiki yote. Polaraiza mbili zikipishana nyuzi 60 badala ya 90, na mianya ikipitisha mwanga sawa, ukali wa mistari hubaki nusu. Neno "ikiacha" peke yake halisemi hivyo.