Miche ya nyanya na hoho kwenye kitalu nyumba wakati wa baridi: tatizo ni mbegu au joto?

Mche_wa_Makete

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wenu. Kitalu nyumba ni cha nailoni, mita 6 kwa 12, hakina chombo chochote cha kupasha joto. Lengo ni miche ya nyanya na hoho ya kupandikiza vinyunguni (bustani za bondeni) mwishoni mwa Agosti, kwa hiyo mbegu lazima ziingie kwenye trei wakati baridi imeshika kweli. Alfajiri kipimajoto ndani kinasoma nyuzi 4, mchana kinapanda hadi 30.

Kabichi imeota vizuri. Nyanya imeota nusu trei, na baadhi ya miche inasinyaa shingoni na kulala. Iliyosimama imekuwa ya zambarau chini ya majani. Hoho kimya. Mbegu ni za paketi na muda wake haujapita. Je, niongeze DAP (mbolea yenye fosforasi)? Na nikiweka jiko la mkaa ndani usiku itasaidia?

Bwanashamba_Njombe

Mkuu, mbegu usizilaumu bado. Joto la hewa halikuambii mengi. Mbegu inaishi kwenye udongo. Chomeka kipimajoto sentimita 2 ndani ya trei, usome saa 1 asubuhi na saa 8 mchana. Ukipata wastani wa nyuzi 15, nyanya itachukua kama wiki 2 kuota na hoho zaidi ya wiki 3. Kwenye nyuzi 25 nyanya hutoka kwa siku 6 hivi, hoho kwa siku 8. Kwenye nyuzi 10 nyanya inaweza kukaa zaidi ya mwezi na hoho isiote kabisa, ikaozea humo humo. Kabichi inavumilia: hata kwenye nyuzi 10 inatoka kwa takriban siku 15. Ndiyo maana trei zako zinatofautiana.

Kwa hiyo usioteshee kitaluni. Kuotesha kunahitaji joto ila hakuhitaji mwanga, na joto lipo jikoni. Lowanisha udongo wa trei, panda mbegu kina cha nusu sentimita, funika kwa nailoni, kisha panga trei moja juu ya nyingine mahali penye nyuzi 22 hadi 28, mbali kidogo na moto wenyewe. Kuanzia siku ya 4 kagua asubuhi na jioni. Ukiona shingo za kwanza zimepinda juu ya udongo, trei hiyo iende kwenye mwanga siku hiyo hiyo. Ukichelewa hata siku moja inarefuka kama uzi, na mche wa namna hiyo haurudi kuwa mnene.

Sakitu_Kinangop

Hujambo ndugu. Huku Kinangop, Kenya, sakitu (baridi kali inayogandisha umande) hutupiga zaidi Januari na Februari, anga likiwa wazi usiku, lakini kanuni ni ile ile. Nailoni ya kawaida huachia joto la udongo lipotee angani. Kivungulio (ndicho kitalu nyumba) kisicho na moto usiku mtulivu usio na mawingu huwa na nyuzi 1 au 2 tu zaidi ya nje.

Usijaribu kupasha kivungulio chote. Tengeneza kibanda kidogo ndani yake: pinda fito za mianzi juu ya kitanda cha upana wa mita 1, zifike kimo cha sentimita 60, tandaza nailoni, na jua likishuka ongeza magunia au blanketi kuukuu juu. Asubuhi ondoa vyote. Pembeni mwa trei panga mitungi ya lita 20 iliyopakwa rangi nyeusi na kujazwa maji, ipate jua mchana. Mtungi mmoja ukipoa kutoka nyuzi 18 hadi 8 unatoa joto sawa na balbu ya wati 100 iliyowaka zaidi ya saa 2. Kitanda cha mita 5 kipe mitungi 10. Funga milango ya kivungulio saa 9 alasiri, kabla joto halijatoroka.

Jiko la mkaa, hapana. Gesi yake ya monoksidi inaua mtu aliyeingia kukagua, na moshi una ethilini inayokunja majani ya nyanya.

Mche_wa_Makete

Asanteni sana. Nimesikia samadi inaweza kupasha kitanda, lakini ya ng'ombe kutoka zizini naona haipati moto.

Sakitu_Kinangop

Ya ng'ombe ikiwa peke yake ni nzito na imeshiba maji, hewa haipiti. Changanya madebe 2 ya samadi mbichi na debe 1 la majani ya ngano au nyasi kavu, ongeza mbolea ya kuku kidogo. Ukikamua konzi ya mchanganyiko, yadondoke matone mawili matatu, si zaidi. Rundika kimo cha sentimita 50 au zaidi, kanyaga kiasi tu. Ndani ya siku chache litavuka nyuzi 50. Subiri lishuke hadi karibu 30, funika kwa sentimita 10 za mchanga, ndipo uweke trei. Ukisikia harufu kali ya amonia inayowasha macho, fungua milango na usiweke mche bado. Utaungua kingo za majani.

MamaKitalu

Naongezea kuhusu miche inayolala. Hicho ni kinyausi, ugonjwa wa kuoza shingo ya mche. Baridi huchelewesha mche katika umri ambao shingo bado laini, na udongo uliolowa muda wote unampa kuvu nafasi. Mwagilia asubuhi tu, saa 3 au 4, kwa maji yaliyokaa ndani ya kitalu, si ya mtoni moja kwa moja. Jioni uso wa udongo uwe umekauka. Ng'oa miche iliyolala pamoja na udongo wake. Dawa yenye metalaksili inazuia kimelea cha Pythium lakini haigusi Rhizoctonia, kimelea kingine cha kinyausi, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Zambarau ni dalili ya kukosa fosforasi, ila huenda fosforasi ipo na mizizi iliyopoa haiwezi kuinyonya. DAP itaongeza chumvi tu. Pasha mizizi, majani mapya yatatoka ya kijani.

Mchana usisahau kufungua pembeni joto likipita 27, hata kama nje kuna upepo wa baridi. Kabichi nayo isikae kwenye trei hadi shina linenepe kama penseli, maana ikipata baridi ya wiki kadhaa katika ukubwa huo inaweza kutoa maua badala ya kufunga.

Na vinyungu viko bondeni, mahali hewa baridi inapotelemkia na kutuama. Mwishoni mwa Agosti sakitu bado inaweza kushuka huko. Panga kupandikiza katikati ya Septemba. Nyanya ihesabie siku 45 hadi 50 kitaluni, hoho siku 60 au zaidi, na siku 7 za mwisho uitoe nje mchana, uirudishe ndani jioni.