Jiwe la Kambe ndani ya siki: mbona konodonti hazionekani?

pweza_mkavu: Salamu, wenzangu. Jiwe la chokaa la Kambe, huku pwani ya Kenya, kilo moja, nimelivunja vipande vya sentimita 3, nikaliloweka siki ya dukani siku tano, nikachuja kwa chujio la chai. Natafuta konodonti, vile vimeno vya kale. Nimepata tope na kijino kimoja cha samaki, ukikigusa kinabaki unga mweupe. Nimekosea wapi?

kipwa: Umri kwanza, yakhe. Chokaa ya Kambe ni ya Jura ya kati, enzi ya miaka milioni 165 na ushei iliyopita. Konodonti zilikwisha mwishoni mwa Trias, enzi iliyotangulia Jura, kama miaka milioni 201 iliyopita. Uyeyushe lori zima, huzipati. Mawe yetu ya Trias, huko Mariakani, ni ya mchanga, si chokaa. Kambe tafuta meno ya papa na samaki. Na kuchimba visukuku kuna kibali chake, Sheria ya Makavazi na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006. Ulizia makavazi, Fort Jesus.

hadubini: Huo unga ni siki imekula jino. Jino ni fosfati ya kalsiamu, na pH (kipimo cha ukali wa asidi; ikishuka, ukali wazidi) ikiwa chini ya 3.6 laliwa pamoja na jiwe. Maji ya asidi yaliyobaki duru iliyotangulia usiyamwage: yachuje, yana asetati ya kalsiamu, chumvi ya chokaa iliyoyeyuka, inayoituliza asidi. Kwa lita 10 tia maji 6.3, maji hayo ya zamani 3, kisha asidi asetiki kali (asidi ya siki isiyozimuliwa) 0.7. Asidi ndiyo imiminwe kwenye maji, si kinyume. Duru ya kwanza yeyusha chokaa usiyoijali. Ndoo usiifunge kabisa, gesi itaifumua. Jiwe likae juu ya wavu, lisiponde kilichoanguka chini. Chujio la chai lina matundu makubwa mno. Konodonti nyingi hazifiki milimita 2. Tumia la milimita 0.063. Osha kwa maji matamu mara nyingi, la sivyo asetati huganda ndani ya jino likikauka na kulipasua.

pweza_mkavu: Ahsanteni. Lakini konodonti ni meno kweli?

kipwa: Kwa kazi, ndiyo, kwa asili, wengi sasa wanakataa. Mwanasayansi Pander alizieleza 1856, na mwili wa mnyama mwenyewe, mithili ya mkunga mdogo, ukatangazwa 1983 kutoka Scotland. Utafiti wa 2013 ulionyesha ile tabaka ya juu inayofanana na enameli, gamba gumu la jino, ilizuka kivyake, mbali na meno yetu. Linganisha na Compagopiscis, samaki wa kale wa Gogo, Australia: meno ya taya zake yana dentini (mfupa wa jino) na tundu la kiini, kama gego lako.