Tupeane uzoefu: mwelekeo wa vekta (kipimo chenye ukubwa na mwelekeo) ulikupoteza wapi?

Mwana wa Bombo:
Wadau, jioni huwa nawasaidia watoto wa sekondari hapa Bombo. Mtihani unafanywa kwa Kiingereza, lakini wengi wamekulia kambi ya jeshi, kwa hiyo nikitaka jambo liingie nalisema kwa Kiswahili. Jana nimesahihisha swali la mhamo: mtu katembea mita 300 mashariki, kisha mita 400 kaskazini, sasa yuko wapi ukipima moja kwa moja kutoka alipoanzia? Mita 500 wameipata karibu wote. Mwelekeo ndio uliowachinja. Mmoja kaandika nyuzi 0.927! Kuangalia kikokotoo chake, kumbe kiko kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe. Nyuzi zenyewe ni 53.1 kutoka mashariki kuelekea kaskazini. Nilicheka, ila na mimi enzi zangu niliwahi kujumlisha 300 na 400 nikaandika 700. Haya, nyie wenzangu mlipotelea wapi?

Mtoto wa Mvuvi:
Mimi nilipotelea ziwani, mwalimu. Baba alikuwa akitega nyavu upande wa Entebbe. Nikiwa Sinia 3 (kidato cha tatu) nikasema ngoja nipige hesabu ya safari yake: kilomita 8 kusini, halafu 3 magharibi. 64 na 9 ni 73, kipeuo chake 8.54. Hapo safi. Nikaja kwenye mwelekeo: kusini hasi 8, magharibi hasi 3, nikagawanya, hasi zikafutana, 2.67, nikabonyeza kinyume cha tanjenti ili nipate pembe, nyuzi 69.4. Nikampelekea mzee daftari huku naringa.

Mzee vekta hazijui. Akauliza tu, "Hizo nyuzi unahesabu kuanzia wapi?" Nikamwambia mashariki, unapandisha kaskazini. Akachukua sindano yake ya kushonea nyavu, akailaza mezani, akaizungusha taratibu hadi nilipomwambia basi. Akaitazama, inaelekea kaskazini mashariki. "Umenipeleka Munyonyo. Nyavu zangu ziko huku." Akaigeuza sindano nyuma mbele.

Na ndivyo ilivyo. Kikokotoo kinaona 2.67 tu, hakijui imetoka kwenye chanya mbili au hasi mbili. Nilitakiwa kuongeza 180, nipate 249.4. Kwa lugha ya mvuvi: nyuzi 20.6 kutoka kusini kuelekea magharibi. Tangu siku hiyo sigusi kikokotoo kabla sijachora mshale.

Boda wa Arua:
Fizikia niliiacha Sinia 2 ila mteja mmoja kanitesa nayo. Nimempeleka sokoni, nimemrudisha mpaka mlangoni kwake, eti mhamo ni sifuri kwa hiyo hadaiwi. Nikamwambia petroli inahesabu umbali. Alilipa.

Fundi Ramani:
Mimi hasi hazikunisumbua, dira ndiyo ilinisumbua. Baba alikuwa askari, akanifundisha dira nikiwa bado primari: sifuri ni kaskazini, unazunguka kufuata saa. Darasani mwalimu anaanzia mashariki, tena anazunguka kinyume cha saa! Swali likasema nyuzi 30, nami nikachora mshale ulioinama kidogo tu kutoka kaskazini. Nikapigwa X nyekundu. Mshale wake yeye, kwa dira ya baba, ulikuwa 60. Wote wawili walikuwa sawa, aliyeumia ni mimi.

Leo napima viwanja, na bado naandika "kutoka kaskazini" kila mahali, hata pasipohitajika. Ukitaka mfano wa kuwapa watoto, njia kubwa ya ndege pale Entebbe ncha moja ni 17, nyingine 35. Hizo ni nyuzi 170 na 350 za dira, sifuri ya mwisho imeachwa. Lami ni ileile, urefu uleule. Rubani akiingilia upande wa pili, kinachobadilika ni zile nyuzi 180.

Dada wa Hoima:
Mie niliandika "kaskazini mashariki" nikaweka kalamu chini. Mwalimu akaandika pembeni: "ngapi?" Nilikasirika wiki nzima. Lakini kaskazini mashariki kamili ni 45, na jibu sahihi la swali langu lilikuwa 18.

Mwana wa Bombo:
Hiyo ya sindano naichukua, kesho naingia nayo darasani. Mtoto wa Mvuvi, kwa Kampala naipata wapi?

Mtoto wa Mvuvi:
Usinunue bwana. Chonga kijiti, ncha moja tu iwe kali.