Tupeane uzoefu: Kumtafuta babu wa kijijini ndani ya makaratasi ya ukoo

Mwanzisha mada

Heshima kwenu wakuu. Nimebeba kazi ambayo kila mtu kwenye ukoo ameikwepa: kuandika maisha ya babu yake baba, mkulima ambaye hakuwahi kushika cheo wala kutajwa gazetini. Wazee waliomjua wamekwisha. Limebaki sanduku lenye risiti za kodi, barua chache, hati ya kununua shamba na picha mbili. Watu wa aina yake hawaandikwi habari zao, ila wanatajwa wakilipa, wakioa, wakizika au wakiuza. Waliowahi kupita njia hii karibuni. Nadharia ninazo za kutosha. Niambieni mlishika karatasi gani, na ikawaambia nini.

Kitukuu

Mkuu, anza na hiyo hati ya shamba, na jina la babu liruke kwanza. Soma mipaka. Ya kwetu ilisema shamba limepakana juu na fulani, chini na mto, kushoto na "mjane wa fulani". Huyo mjane ndiye aliyetufungulia mlango. Wajukuu zake wapo, wana hati yao ya zamani kuliko yetu, na ndani yake babu yetu ametajwa kama jirani. Kumbe alikuwa analima pale miaka mingi kabla hajanunua, kwenye ardhi ya mtu mwingine. Hilo halikuwahi kusimuliwa nyumbani hata siku moja.

Kisha tazama mashahidi. Shahidi wa pili kwenye hati yetu ni shemeji yake, yuleyule ambaye shangazi zangu wote wanaapa walikuwa hawasalimiani. Ugomvi ulikuwepo, sikatai, ila siku ya kutia saini walikaa meza moja.

Bint Mwalimu

Sisi tulikuwa na vita vya umri wa marehemu wetu. Kaburini pameandikwa miaka 84, cheti cha kifo kinasema 81, na kila upande wa familia una karatasi yake ya kutetea. Suluhu ilikuwa ndani ya jalada la msahafu wa nyumbani, ambako baba yake alikuwa akiandika kila mtoto anayezaliwa: Rajabu 1318. Alifariki Shaabani 1402. Hesabu kwa Hijria, kalenda ya Kiislamu, unapata 84. Hamisha tarehe zote mbili kwenye kalenda ya Miladia, unapata mwishoni mwa 1900 hadi katikati ya 1982, yaani 81. Wote walikuwa sahihi, na wamenuniana bure.

Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, mfupi kuliko wa Miladia, kwa hiyo kila miaka 33 hivi hesabu ya Hijria inazidi kwa mwaka mmoja. Kwa makadirio ya haraka zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha ongeza 622. Ukitaka tarehe kamili tumia jedwali, maana kuonekana kwa mwezi kunaweza kusogeza siku moja au mbili.

Mstaafu

Kwenye umri naongeza jambo dogo. Ukikuta umri unaoishia na sifuri au tano, uutilie shaka. Karani alikuwa anamtazama mtu usoni na kukadiria. Hata Uingereza, sensa ya 1841 iliwaagiza makarani washushe umri wa waliozidi miaka 15 hadi kwenye tano ya chini yake, kwa hiyo wa miaka 59 anasomeka 55. Usimkatae babu yako kwa sababu ya miaka minne.

Mama Kitabu

Kama alibatizwa Mkatoliki, nenda kwenye kitabu cha ubatizo cha parokia na uombe kuonyeshwa mstari wenyewe. Cheti kinachonakiliwa huenda kikaacha yaliyo pambizoni, na mimi utamu wote niliukuta huko. Tangu 1908 sheria ya Kanisa ilitaka ndoa iandikwe pembeni ya mstari wa ubatizo, hata kama imefungwa parokia nyingine. Mwandiko ni mdogo, wino mwingine, umebanwa kando kama umesahaulika. Kwa babu yangu palikuwa na jina la parokia ambayo hakuna mtu kwetu aliyewahi kuitaja, na jina la mke ambaye si bibi yetu.

Kitabu cha vifo nacho soma ukurasa mzima. Bibi yake mama yangu yumo Novemba 1918. Juu yake dada yake, chini yake watoto wawili wa nyumba moja, wiki ileile. Ni ile homa ya mafua iliyoua mamilioni duniani. Kwenye simulizi za nyumbani alikufa "kwa kurogwa na wifi". Sasa sijui huyo wifi tumwombe radhi wapi.

Asiyechoka

Barua zina mtego. Za babu yangu zilikuwa tatu, na tuliganda kwenye lugha yake: moja ya upole, moja ya ukali, moja imejaa misemo. Binamu akaanza kumchambua tabia. Nikaziweka sambamba mezani. Miandiko ni mitatu tofauti, alama ya dole gumba chini ni moja. Hakujua kuandika. Upole na ukali ule ni wa waliomwandikia. Vya kwake ni vile vinavyojirudia katika zote tatu: ng'ombe mgonjwa, deni, na kuuliza kama mtoto wa kike amerudi shule.

Mama Kitabu

Na hizo picha mbili: zima taa, weka tochi ya simu ubavuni kabisa, karibu usawa wa meza, uangalie mgongo wa picha. Penseli iliyofutika huacha mfereji, na mwanga wa kulala unauonyesha. Halafu nakusihi, usizipeleke kufanyiwa laminesheni wala usizibandike kwa selotepu. Piga picha kila kitu pande zote mbili kabla ndugu hawajaanza kugawana.

Mwanzisha mada

Asanteni sana. Nimesoma ya Mama Kitabu nikachoka, kwa sababu na kwetu upo mke wa pembeni, na watoto wake nimewapata. Wanasema babu alifariki 1951 mikononi mwao. Mimi nina risiti ya kodi ya shamba ya 1953 yenye jina lake. Nani anadanganya?

Kitukuu

Huenda hakuna. Shamba lisipobadilishwa jina, risiti inaendelea kutoka kwa jina la marehemu, analipa mjane au mtoto. Risiti inakuambia shamba lililipiwa, haikuambii nani alikwenda dirishani. Igeuze nyuma uone kama kuna saini ya aliyepokea, halafu linganisha na risiti za 1950 kurudi nyuma.